Kempa ya kupakia kwenye bodi au nyumba ya kufunga kwenye chasisi? Nitavuta na trela pia

Msafiri_Mkongwe (mwanzisha mada)
Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya Ram 3500 ya dizeli, na ndani ya wiki mbili natakiwa niwe nimelipia kimoja kati ya hivi: kempa (chumba cha kuishi safarini) ya kupakia kwenye bodi ya mizigo nyuma, ile inayosimama kwa miguu yake ukifika kambini, au niondoe bodi kabisa nijengewe nyumba ya kudumu juu ya chasisi. Tuko wanne, mimi, mke wangu na watoto wawili. Safari zetu ni za mwezi mzima, na nyuma nitavuta trela la boti. Nguvu ya injini ipo ya kutosha. Nichukue ipi?

FundiChuma
Mkuu, injini siyo kinachoamua hapa. Tupe kwanza haya: tairi za nyuma ni mbili au nne? Trela likiwa na boti na mafuta yake lina kilo ngapi? Na kile kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema lori libebe kilo ngapi, watu wakiwemo? Bila namba hizo tutakuwa tunakisia tu.

Dabo_Tairi
Kama unabeba kempa na kuvuta kwa pamoja, tairi nne nyuma. Sina jibu lingine. Nimeendesha zote mbili. Upepo wa ubavuni ukipiga kempa ndefu, gari la tairi mbili linayumba mpaka mikono inachoka.

MamaWaSafari
Mimi natetea kempa ya kupakia. Miaka sita tunayo. Tukifika tunaishusha, gari linabaki huru kwenda sokoni au hospitali usiku. Ukijenga nyumba juu ya chasisi, hata kununua mkate unakwenda na kitanda chako. Na gari likiharibika, kempa unahamishia gari jingine, mradi bodi zilingane na gari lenyewe liweze uzito.

Msafiri_Mkongwe
Asanteni. Tairi za nyuma ni mbili. Trela na boti ni kama kilo 2,500. Kempa niliyoiona, karatasi yake inasema kilo 1,350. Kibandiko bado sijakiangalia.

FundiChuma
Hiyo 1,350 mara nyingi ni kempa tupu. Ongeza maji, lita 150 ni kilo 150. Betri, mitungi ya gesi, turubai la kivuli na kiyoyozi, weka 120. Ninyi wanne, tuseme 260. Chakula, nguo na vifaa, 150. Tumefika 2,030 na trela hatujaligusa.

Sasa trela. Ili lisiyumbe, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukaa kwenye ndoano ya kuvutia nyuma ya gari, kwa hiyo kwako ni kilo 250 hadi 375. Tena kempa yako ikichomoza nyuma ya bodi, utalazimika kurefusha bomba la ndoano. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 4, na ndoano iko mita 2.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 250 pale zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa kilo 400, na ekseli ya mbele inapunguziwa 150. Usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinashika vibaya. Na kirefusho chenyewe kinashusha uzito ambao ndoano imeruhusiwa kubeba.

Jangwani4x4
Weka mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, tatizo limekwisha. Yangu imenyooka kabisa.

Dabo_Tairi
Ndugu, hapo unampoteza mwenzako. Mifuko ya hewa inanyoosha gari, haiongezi uwezo wa ekseli, wa tairi wala wa rimu. Gari linaonekana sawa huku tairi zinachemka.

Jangwani4x4
Sijasema inaongeza uwezo. Nimesema inasaidia, na inasaidia kweli.

Seremala_wa_Barabara
Naomba niseme kuhusu chasisi, maana yamenikuta na sitaki yamkute mwingine. Nilikuwa na lori la magurudumu manne yanayosukuma. Karakana ikanijengea nyumba ya faiba na kuifunga moja kwa moja kwenye chasisi kwa bolti nane, bila chochote katikati. Siku ya kukabidhiwa ilionekana imara kuliko nyumba ya mawe.

Safari ya tatu tukaingia njia ya makorongo. Gurudumu la mbele kushoto likapanda, la nyuma kulia likapanda, chasisi ikajikunja kama inavyotakiwa kujikunja. Nyumba haikunji. Mke wangu alikuwa ndani anachukua maji, mlango ukagoma kufunguka mpaka nilipotoa gari kwenye shimo. Jioni nikaona ufa mwembamba kwenye kona ya dirisha. Nikaupaka gundi. Mvua ilipokuja maji yakapita, yakaingia kwenye sponji ya ukutani, na baada ya miezi miwili godoro lilikuwa na ukungu na mtoto anakohoa kila usiku.

Tuling'oa kila kitu. Fundi mwingine akatengeneza fremu ya pili: nyuma imeshikwa kabisa, mbele bolti zina springi, chasisi ijikunje bila kuvuta nyumba. Wengine wanatumia pointi tatu zenye egemeo, kama ilivyozoeleka kwenye Unimog, lori la Mercedes la njia mbaya. Kwa hiyo mkuu, muulize fundi wako swali moja: chasisi ikijipinda, nyumba inashikwaje? Akijibu "tutaifunga kwa nguvu", ondoka.

MamaWaSafari
Pole sana. Mtoto anaendeleaje sasa?

Seremala_wa_Barabara
Amepona kabisa, asante dada.

Jangwani4x4
Na kempa za kupakia zina yake. Minyororo ya kuifunga kempa ikishikwa kwenye bati la bodi, bati linachanika. Shika kwenye fremu ya gari. Nilipata sehemu za kushikia zilizofungwa chini, hazijasogea tangu hapo.

Msafiri_Mkongwe
Nimesoma kibandiko: kilo 1,720. Nimekaa kimya kidogo. Kwa hiyo hata bila trela nimezidi?

FundiChuma
Umezidi kwa 310 bila trela. Kabla ya kulipa chochote, peleka gari mizani likiwa na tangi la mafuta limejaa na ninyi wote ndani, pima ekseli moja moja.

Dabo_Tairi
Au kempa ya paa la kukunja, nyingi ni nyepesi zaidi. Boti unaweza kuiacha?

Msafiri_Mkongwe
Boti ni ya baba yangu, siwezi kuiacha. Mizani nakwenda kesho. Muuzaji anasema tangi la maji liko nyuma kabisa, chini ya jokofu. Hilo lina shida?

MamaWaSafari
Nyuma ya ekseli? Mkuu, uzito wa kempa unatakiwa kuangukia mbele ya ekseli ya nyuma. Mwombe akuonyeshe alama ya kitovu cha uzito ubavuni mwa kempa. Na hiyo alama ilipimwa tangi likiwa na maji au kavu?