Dkt. Agnes Savage: je, gazeti la baba yake ndilo lililomfikisha?

Muuguzi wa Upanga: Shikamooni wakubwa. Nimeombwa kuzungumza na wasichana wa kidato cha nne hapa Dar es Salaam, nami nimemchagua Dkt. Agnes Yewande Savage, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Afrika Magharibi kuhitimu udaktari wa kisasa, Edinburgh, mwaka 1929. Baba yake alikuwa daktari na mwenye gazeti. Je, niwaambie kwamba alifika huko kwa sababu ya nyumba aliyozaliwa?

Mwalimu wa historia, Kinondoni: Dada, nyumba hiyo usiifiche. Richard Akinwande Savage, Mnigeria aliyesomea udaktari Edinburgh na kuoa Mskoti, alianzisha gazeti la Nigerian Spectator mwaka 1923, na binti wa mtu kama huyo hakuhangaikia ada. Hata hivyo, alipoajiriwa na idara ya tiba ya serikali ya kikoloni Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, mwaka 1930, alilipwa pungufu na kupangiwa makazi ya watumishi wa ndani, ingawa kwa elimu aliwazidi wengi wa madaktari wanaume aliowakuta. Jina la baba halikumpatia hata chumba cha heshima.

Mkunga mstaafu, Temeke: Marahaba, mwanangu. Mwalimu ameishia pale ambapo habari inatuhusu sisi wauguzi. Kuanzia mwaka 1931 alikuwa daktari na mwalimu katika shule ya Achimota kwa miaka minne, kisha akahudumu katika kliniki za watoto wachanga za hospitali ya Korle Bu, Accra, na ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwa shule ya wauguzi hapo. Wodi moja ilipewa jina lake. Alistaafu mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 41 tu, amechoka mwili na akili, akarudi Scotland kulea watoto wa kaka yake hadi alipofariki mwaka 1964. Uchovu wa namna hiyo nimeuona kwa wenzangu wa zamu za usiku, nakusihi usiuruke.

Muuguzi wa Upanga: Ahsante, bibi. Sitauruka, na nitaanza na hiyo shule ya wauguzi.

Mwalimu wa historia, Kinondoni: Basi ongeza na hili: mwaka huohuo wa 1947, Susan Ofori-Atta, aliyesoma Achimota, alihitimu Edinburgh na kuwa daktari wa kwanza mwanamke wa Ghana.