PhD ya kompyuta na kujua kuandika programu ni kitu kimoja?

Kijana wa Ubungo: Wakuu habari za leo. Juzi tulikuwa na intavyuu, tunatafuta mtu wa upande wa seva, akaja jamaa ana PhD ya kompyuta kabisa, nikampa lile swali la FizzBuzz, aandike programu ya kutoa namba 1 mpaka 100, inayogawanyika kwa 3 andika Fizz, kwa 5 andika Buzz, kwa zote mbili FizzBuzz. Dakika 20 zimeisha hajafika popote. Bosi bado anamtaka, anasema msomi wa kiwango kile hawezi kushindwa kazi. Nyie mnaonaje?

Fundi Seva: Mkuu hilo swali tangu 2007 linatumika kuchuja watu na wenye vyeti vizito wanaanguka. PhD ni utafiti, mtu programu yake kazi yake ni kutoa grafu za andiko, zikishatoka haiguswi tena, hajawahi kuamshwa saa nane usiku seva imelala na wateja wanapiga simu. Msichukue.

Bi Hesabu: Fundi usiende mbali hivyo. Donald Knuth ana PhD ya hisabati ya 1963 na programu ya TeX kaiandika mwenyewe, hadi leo inapanga vitabu vya hesabu, na ukimwonyesha kosa jipya humo zawadi yake ni dola 327.68. Halafu mwangalie Dennis Ritchie, andiko la PhD pale Harvard alishamaliza 1968, nakala iliyojalidiwa tu hakuipeleka, shahada hakupewa, na C, lugha ya kuandikia programu, ndo kaitengeneza yeye. Sasa ile nakala ingemuongezea nini kwenye C? Kijana nikuulize, huyo mtu mlimpa laptopu au ubao?

Kijana wa Ubungo: Ubao na makapeni dada, tuko watatu tunamtazama.

Bi Hesabu: Basi hapo mmepima woga. Nina wanafunzi wazuri sana wanaganda ubaoni, ukiwaachia mashine yao na utulivu kidogo kazi inatoka. Mpeni hitilafu ya kweli ya mfumo wenu, nusu siku, na mumlipe hiyo nusu siku.

Fundi Seva: Hapo sawa, nimerudi nyuma. Ila akija mwombaji mwingine asiye na digrii, naye mpeni hitilafu hiyohiyo, muda huohuo, na bosi asione vyeti mpaka kazi zote mbili ziwe mezani.

Kijana wa Ubungo: Jumatatu naongea na bosi. Hilo la vyeti ndo litakuwa gumu.