Mirija ya kaboni na maji ya bahari: ukombozi, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Mleta mada: Wakuu, kwenye kundi la mtaa wetu imezunguka sauti kwamba wazungu wamepata mirija ya kaboni inayopitisha maji bila msuguano, hivyo maji ya bahari yatachujwa karibu bure. Sisi wa visima vya chumvi, ambao ukoko mweupe wa birika tunaubandua kwa kisu, tukashangilia. Mimi napinga neno moja tu: bure.

Kasi siibishii. Mwaka 2006 maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, ilipitisha maji kwenye mirija yenye upana usiofika nanomita 2 (nanomita ni mita ukiigawa mara bilioni), yakaenda zaidi ya mara elfu moja ya hesabu za kawaida za mabomba. Ukuta wa mrija ni laini mno, hauyashiki maji. Ukibana hadi nanomita 0.8, molekuli hupita moja moja zikiwa zimeshikana, kama watoto wa chekechea wanavuka barabara.

Ila maji ya bahari yana shinikizo la osmosi, yaani nguvu ya chumvi kuyang'ang'ania maji, la karibu bari 27 (bari moja ni kama mgandamizo wa hewa inayotuzunguka). Pampu isipolishinda, hakuna tone linalovuka, mrija uteleze utakavyo. Ukitaka nusu ya maji hayo yatoke bila chumvi, kima cha chini kabisa ni takriban uniti 1 ya umeme kwa lita 1,000. Mitambo mizuri ya leo inakula kama 3 au 4. LUKU utanunua tu.

Fundi Pampu: Mkuu, kati ya 1 na 4 kuna uniti tatu. Hizo si haba!

Mleta mada: Nyingi hazipotelei kwenye utando, ule wa kuchujia ambao mirija ingepangwa humo, fundi. Kuna kuvuta maji baharini, kutoa mchanga na mwani kwanza, na kusukuma zaidi ya kiwango ili kazi iende. Utando ukiongezwa kasi unapata mtambo mdogo. Bili inashuka kiduchu.

Binti Kemia: Mnabishania kasi, chumvi mmeisahau. Kwenye nanomita 2 chumvi ya bahari inapenya. Sodiamu ya chumvi hutembea imevaa koti la maji, kuikwamisha kunataka mrija wa chini ya nanomita 1. Na huko kwenye wembamba kuna vituko: 2016 watu wa MIT, chuo cha Marekani, walikuta maji ndani ya mrija wa nanomita 1.05 yamekuwa magumu kwenye nyuzi 105 na kupanda, joto ambalo sufuria lingekuwa linatokota. Wenyewe walikwepa kuyaita barafu. Mrija wa 1.06 ukatofautiana kwa makumi ya nyuzi! Sasa nani atapanga mabilioni ya mirija, yote sawasawa, bila ufa?

Fundi Pampu: Dada, nakubali nusu. Mbona ule wa 0.8 ulipimwa 2017 ukapitisha maji kuzidi akwaporini, zile njia za maji za protini kwenye seli zetu?

Binti Kemia: Ulipimwa ukiwa umechomekwa kwenye vifuko vidogo vya mafuta, kaka. Pandisha bari 60, msukumo wa mitambo ya maji ya bahari, juu yake uone.