Mafundi wa kompyuta Dar, brauza ikigoma kufunguka si sababu ya kupiga Windows!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Dada yangu ana steshenari Sinza. Wateja wake mnawajua: mwanafunzi anaomba mkopo HESLB, huyu anataka TIN, yule anafuatilia cheti cha kuzaliwa RITA. Kazi hizo zote zinapita kwenye brauza. Juzijuzi brauza ikaanza kugoma. Unabofya, dirisha linatokea, linajifunga hapohapo. Intaneti ipo, Word inafunguka, printa inachapa. Ni programu moja tu iliyokataa.

Mimi nilikuwa mkoani, akaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo. Fundi hakuuliza tatizo limeanza lini. Hakuuliza kama kuna programu mpya iliyowekwa. Alibofya brauza, ikajifunga mbele yake, akasema: "Window imekufa hiyo dada, tunapiga mpya." Akafomati diski nzima, akachukua hela yake, akarudisha kompyuta tupu. Alamisho zimekwenda. Nywila zimekwenda. CV za wateja, barua za serikali ya mtaa, kadi za michango ya harusi alizozitengeneza kwa miaka na kuzibadilisha majina tu kila anapokuja mteja, vyote vimekwenda. Hata swali la "una vitu vyako humu?" hakuulizwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Halafu jioni ileile brauza ikagoma tena, vilevile!

Niliporudi nikafungua Event Viewer, chombo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, hakinunuliwi. Ingia Windows Logs, kisha Application, utafute kosa namba 1000. Pale panaandikwa jina la programu iliyokufa na jina la faili lililoiangusha. Faili lililoandikwa halikuwa la brauza wala la Windows, lilikuwa la antivairasi ya kuchakachua ambayo kijana mmoja alimwekea dada kabla tatizo halijaanza. Na huyu fundi, baada ya kufomati, akaiweka ileile tena kutoka kwenye fleshi yake! Nikaiondoa, nikawasha upya, brauza ikafunguka. Ulinzi wa Defender uliokuja na Windows unatosha kabisa kwa steshenari.

Antivairasi nyingi huingiza mafaili yao ndani ya brauza ili zikague unachofungua. Brauza inajisasisha yenyewe kila baada ya wiki chache, antivairasi ya kuchakachua haijisasishi, siku moja zinagongana na brauza inaanguka. Hili si jambo geni kwa mtu anayejiita fundi. Oktoba 2019, Chrome 78 ilipotoka, iliongeza ulinzi wa kuzuia mafaili ya nje yasijipenyeze, na kwenye kompyuta zenye matoleo ya zamani ya Symantec Endpoint Protection kurasa zikawa zinakufa. Dawa ilikuwa kusasisha antivairasi. Hakukuwa na haja ya kufomati chochote.

Tuseme kosa lingekuwa la brauza yenyewe. Bado ungeanza na vitu visivyofuta kazi ya mtu. Funga mabaki yake kwenye Task Manager, maana wakati mwingine imebaki nyuma imeganda. Kwa Firefox, shikilia Shift wakati unaifungua, itakuuliza kama uifungue bila viendelezi (extensions). Kwa Chrome, nenda AppData, Local, Google, Chrome, User Data, ubadilishe jina la folda ya Default. Ukiifungua itajitengenezea nyingine. Ikifunguka, ugonjwa umo kwenye ile folda ya zamani, na ya zamani ipo palepale haijafutwa, alamisho zake zimo kwenye faili linaloitwa Bookmarks. Ikikataa, jaribu kuongeza --disable-gpu, inayoizuia isitumie kadi ya picha, kwenye njia yake ya mkato (shortcut). Ikikubali hapo, kaangalie draiva ya kadi ya picha.

Na nywila, mafundi, sikilizeni vizuri: nywila za Chrome zimefungwa kwa akaunti ya Windows ya kompyuta ile. Ukishafomati, hata kama ulinakili folda nzima pembeni, zile zilizohifadhiwa humo tu hazifunguki tena. Kwa Firefox nywila zimo kwenye faili la logins.json na ufunguo wake kwenye key4.db, yaende pamoja, moja bila jingine halina kazi. Kwa hiyo unahamisha kwanza, ndipo uguse diski.

Kuna na hawa wanaowawekea watu Windows 7 kwa maelezo kwamba "ni nyepesi". Chrome iliacha kuihudumia tangu toleo la 110, Februari 2023. Mteja anabaki na toleo la 109, tovuti zinaanza kumkataa, anarudi kwako, unampiga hela nyingine.

Sisemi Windows haipigwi kamwe. Diski ikiwa na hitilafu au mfumo umeoza kweli, piga, lakini baada ya kutafuta chanzo na kumwambia mwenye kompyuta nini kitapotea. Dada yangu hajui Event Viewer na hapaswi kuijua, ndiyo maana alilipa. Fundi nimempigia nimtake arudishe hela, akasema kazi ya kupiga Windows ameifanya na kompyuta inawaka, akakata simu. Sasa hapokei.

Kompyuta inatumia diski ya SSD na nimemwambia dada aizime asiitumie. Najua SSD ikishafomatiwa matumaini ni madogo, ila kama kuna mkuu hapa Dar anaokoa data kwa vifaa vya kweli, na yuko tayari kuikagua kwanza kabla ya kutaja bei, aje PM.