Naomba ushauri: taa za chumba cha kufanyia kazi nyumbani

Kibatari
Wakuu, habari za muda huu. Nina chumba cha mita 3 kwa 3 nakitumia kama ofisi. Kuta nyeupe, dirisha moja, balbu moja ya LED ya wati 9 katikati ya dari. Meza imeegemea ukuta unaotazamana na dirisha, kwa hiyo dirisha na balbu vyote viko mgongoni. Kazi ni kompyuta, kuandika kwa mkono na vikao vya video hadi saa 3 usiku. Navaa miwani. Jioni macho yanawasha na kichwa kinagonga. Je, nikiweka balbu ya wati 20 palepale itatosha? Na nichukue mwanga mweupe au wa njano?

FundiWaya
Mkuu, wati 20 haitakusaidia. Piga hesabu. Balbu ya wati 9 hutoa lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu) 800 hadi 900. Gawa kwa mita 9 za mraba unapata kama luksi 100 (luksi ni lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba), na karibu nusu hupotea kwenye kuta na dari kabla ya kufika mezani. Unabaki na 50 hivi, wakati kusoma na kuandika kunataka 300 hadi 500. Ukitaka chumba kizima kifike 500 utahitaji lumeni 9,000, yaani balbu kumi kama hiyo. Hakuna haja.

Gawanya kazi. Darini weka balbu mbili za lumeni 1,500 kila moja, zikupe luksi 150 na ushei chumbani kote. Mezani weka taa ya mkono unaokunjika, lumeni 400 hadi 500, kichwa chake kiwe sentimita 45 juu ya karatasi. Hapo luksi 500 unaipata bila jasho. Ukiinua hadi 90 mwanga unashuka hadi robo, siyo nusu, ndiyo maana taa fupi ya bei ndogo huishinda kubwa iliyowekwa mbali.

Halafu soma lumeni kwenye boksi. Wati ni umeme unaoliwa tu.

Jicho Kali
Naongezea, maana tatizo kubwa hapo naona ni mpangilio kuliko nguvu. Zima kompyuta, kaa kama unavyokaa kazini, tazama kioo cheusi. Ukiona dirisha au balbu humo, ndivyo vinavyokuchosha macho. Geuza meza dirisha liwe ubavuni. Usilitazame moja kwa moja pia, macho yatagombana na mwanga mkali nyuma ya kioo. Anayeandika kwa mkono wa kulia aweke dirisha na taa kushoto, la sivyo mkono unatupa kivuli juu ya maneno anayoandika.

Kisha shika karatasi nyeupe kando ya kioo huku taa zote zikiwaka. Kioo kikionekana kama taa, punguza mwanga wake. Kikionekana kijivu, ongeza. Fanya tena giza likiingia, maana kipimo cha mchana hakifai usiku.

Rangi hupimwa kwa kelvini, namba ndogo ni njano na kubwa ni nyeupe ya bluu: mchana kelvini 4,000. Usiku, kama balbu inabadilika, shuka 2,700. Ile 6,500 ya bluubluu wengi huipenda dukani kwa sababu inaonekana kali. Mimi siishauri kwa mtu wa kazi za usiku. Usichanganye rangi mbili kwa wakati mmoja, kamera itakutoa uso nusu njano nusu bluu.

Kibatari
Asanteni sana. Meza nitaigeuza. Vipi vikao vya video, na miwani inayong'aa? Halafu balbu yangu inabaki na mwanga hafifu hata swichi ikiwa imezimwa. Ni kawaida?

Jicho Kali
Kwa kamera, mwanga utoke mbele yako, juu kidogo ya macho, pembeni kama nyuzi 45. Miwani ikiakisi, usipunguze nguvu. Pandisha taa na uisogeze pembeni zaidi mpaka mng'ao utoke kwenye lenzi. Taa ya duara iliyowekwa nyuma ya kamera ndiyo mbaya kuliko zote kwa wenye miwani, mtu anaonekana ana pete mbili machoni. Ukiwa na ukuta mweupe mbele, elekeza taa ukutani, mwanga urudi laini.

FundiWaya
Hiyo ya kubaki na mwanga: kama swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha, umeme mdogo unapitia hapo, haina neno. Kama haina, huenda swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laini (waya unaoleta umeme). Hapo holda ina umeme hata ukiwa umezima, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti. Ita fundi apime, usifungue mwenyewe.

Kabla ya kununua, jaribu balbu dukani: elekeza kamera ya simu, weka video ya mwendo wa polepole. Mistari ikitembea au mwanga ukipepesa, iache. Kwenye umeme wa hezi 50 balbu yenye kapasita (kifaa cha ndani kinachotuliza umeme) duni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kichwa kinaweza kuuma.

Na hizo za lumeni 1,500 usizifungie ndani ya globu ya kioo isiyo na matundu. Joto litaua saketi mapema, utasingizia balbu.