Mjadala: Umeme wa maikrowevu uvushwe Ziwa Victoria hadi visiwa vya Ssese, Uganda?

Mkazi wa Masaka: Jamani, bwawa la umeme la Karuma limezinduliwa 2024, megawati 600, na bado kuna visiwa Kalangala, wilaya ya Ssese, vinavyoishi kwa jenereta. Kwa nini tusivirushie umeme kwa mwale wa maikrowevu, yaani mawimbi kama ya redio yanayopita hewani bila waya? Mwaka 1975, kwenye kituo cha antena cha Goldstone kule California, Wamarekani walirusha mwale kilomita 1.5 hivi na kuvuna zaidi ya kilowati 30. Wanaosema mawimbi hutoka kwenye baadhi ya mitambo ya kuyazalisha yakiwa tupu katikati, nguvu yote pembeni, hayalengeki, wajue mtafiti Vlasov na wenzake Wasovieti walishalitatua miaka hiyohiyo ya 1970: mdomo wa bomba linalopitisha mawimbi unakatwa upande mmoja, mbele yake kinawekwa kioo cha chuma kilichopinda, na mawimbi yote yanaelekea upande mmoja.

Fundi, Jinja: Ndugu yangu, kioo hicho nakikubali, ni ufundi wa hali ya juu. Lakini mwale ukishatoka hapo unaanza kutanuka. Chukua masafa ya gigahezi 2.45, wimbi la sentimita 12 hivi, sahani ya kurushia yenye upana wa mita 30. Kilomita 10 mbele, mwale una upana wa karibu mita 100. Ili upokee megawati moja unahitaji uwanja mzima wa antena, na ndani yake wastani unapita wati 120 kwa kila mita mraba. Mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa raia, kwa masafa hayo, ni wati 10. Na eneo lilelile ukilitandika sola, jua la utosi linakupa megawati moja na nusu, bila kurusha chochote.

Mkazi wa Masaka: Na usiku, mzee wangu? Sola inalala.

Fundi, Jinja: Usiku ndipo ninapoogopa zaidi. Wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwani, wako majini na taa zao, na mwale mpana hivyo, usipourusha kutoka mnara mrefu sana, ukingo wake wa chini unagusa maji. Tutawafukuza ziwani ili tupitishe umeme? Tena upotevu: hata rekodi ya maabara ya 1975, umeme kuingia hadi umeme kutoka, ilikuwa asilimia 54. Betri ya kisasa inarudisha zaidi ya asilimia 80. Mimi pesa za Kalangala nazitaka kwenye betri, na mashine za barafu pale mialoni, samaki wasiozee mikononi mwa akina mama.

Mkazi wa Masaka: La wavuvi sikulipima, nakubali. Ila visiwa vidogo visivyo na nafasi ya kutandika sola tuvifanyeje? Watu wa kivuko, wa Bukakata upande wa bara na Luku kisiwani, semeni.