Ukosefu wa ajira umeshuka, waliopata kazi hawaonekani: tusomeje takwimu hizi?

Mipango_Chamwino
Wakuu, habari za jioni. Kwenye taarifa za nguvukazi kuna kiwango cha ukosefu wa ajira na kiwango cha ajira. Nilitegemea ukivijumlisha upate 100, lakini havifiki. Pia, mkulima wa uwele huku Chamwino anahesabiwa ana ajira au hana? Naviweka kwenye wasifu wa kata, sitaki kumpotosha diwani.

Nguvukazi_Dom
Mkuu, havijumlishwi kwa sababu namba ya kugawia si moja. Kiwango cha ajira unagawanya kwa watu wote wenye miaka 15 na kuendelea. Cha ukosefu wa ajira unagawanya kwa nguvukazi tu, yaani wenye kazi na wasio na kazi wanaoitafuta.

Chukua kata ya mfano yenye watu 1,000 wa umri huo. Wenye kazi 620. Wanaotafuta na wako tayari kuanza 40. Wako tayari lakini hawatafuti 60. Waliobaki 280 ni wanafunzi, wazee, wagonjwa na wengine wasiohitaji kazi kwa sasa.

Kiwango cha ajira: 620 ÷ 1,000 = asilimia 62.
Ukosefu wa ajira: 40 ÷ 660 = asilimia 6.1.

Sasa vijana 20 kati ya wale 40 wakichoka kuzunguka na bahasha, wakakaa nyumbani, hesabu inakuwa 20 ÷ 640 = asilimia 3.1. Ukosefu umeshuka karibu nusu na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa! Kiwango cha ajira kimebaki 62 palepale, ndicho kinachofichua. Ukiwaingiza na wale waliokata tamaa (wale 60 walio tayari lakini hawatafuti) unapata 100 ÷ 720, asilimia 13.9, na hiyo haitikisiki vijana wakiacha kutafuta. Kwa hiyo usimpe diwani namba moja peke yake, na andika umetumia tafsiri ipi: finyu (wanaotafuta tu) au pana (pamoja na waliokata tamaa).

Zabibu_na_Uwele
Kuhusu mkulima: kwa viwango vya kimataifa vya takwimu za kazi vya 2013, kinachoangaliwa ni mazao yamekusudiwa nini hasa. Zabibu ni za kuuza, basi ana ajira. Uwele ukiwa zaidi wa chakula cha kaya, hiyo ni kazi lakini haiitwi ajira. Jembe ni lilelile. Huyo wa uwele wa chakula akitafuta kibarua ndani ya wiki 4 zilizopita na yuko tayari kuanza, anaingia kwa wasio na ajira. Ndiyo maana usilinganishe utafiti wa nguvukazi wa Tanzania wa 2006, wa 2014 na wa 2020/21 kabla ya kusoma sura ya dhana ya kila kitabu.

Tazama na msimu. Huku mvua ni moja, Desemba hadi Aprili. Ukihoji Septemba utakuta wengi wamekaa, ukihoji Januari wote wako shambani.

Dodoso_Kwanza
Naongeza kinachoharibu kazi uwandani, maana hapa ndipo namba huoza mapema. Usiulize "Una kazi?" Kwetu neno kazi watu wanalisikia kama mshahara. Mama anayekaanga maandazi kila alfajiri atakujibu "sina kazi, nipo nipo tu", nawe umepoteza mtu mwenye ajira. Uliza: "Katika siku 7 zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kukuingizia kipato, hata kwa saa moja?" Kisha mtajie mifano: genge, bodaboda, kufyatua tofali, kibarua cha palizi. Na usimruhusu baba wa kaya amjibie kijana wake, mara nyingi hajui kijana anashinda wapi.

Mipango_Chamwino
Ahsanteni sana. Saa moja tu kwa wiki mtu anaitwa ana ajira? Si inaficha hali halisi?

Nguvukazi_Dom
Inaficha kama utaishia hapo. Saa moja imewekwa ili kila ajira ihesabiwe, hata ya muda mfupi au ya kibarua. Dawa yake ni kuuliza saa alizofanya wiki nzima, na kama angetaka na angeweza kuongeza. Wanaojibu ndiyo, wakiwa chini ya kikomo cha saa cha utafiti, wana safu yao: ajira isiyotosheleza muda. Iweke kwenye jedwali lako pembeni ya zile mbili. Na kwa kata moja sampuli yako ikiwa kaya 50, andika idadi ya waliohojiwa, desimali ziache.